Mume Wangu Ataruka Jumapili, na Anayeshika Bawa ni Mimi

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu kwenye ukurasa wa Ijumaa hii hii, usiniweke foleni, maana jambo lenyewe ni la Jumapili na sina mwingine wa kumweleza, mama yangu nikimwambia ataanza kulia na wifi yangu nikimwambia atanicheka, kwa hiyo nimefunga mlango wa chumba cha kushonea nikasema ngoja niandike.

Mimi nashona mapazia. Mume wangu ni fundi wa lifti kwenye majengo ya ghorofa, ni mpole, hanywi, watoto wake anawapenda, ila ana jambo moja, anaruka. Sijui kama wasomaji wako wameshakiona kitu hiki, ni bawa kubwa la kitambaa lililowambwa kwenye mabomba ya alumini, mtu anajifunga mikanda, anajining'iniza chini yake kwa ndoano ya chuma, halafu anakimbia mteremko wa kilima mpaka ardhi inaisha na hewa inampokea. Injini hakuna. Mimi nakiita kishada cha watu wazima na yeye hacheki. Likikunjwa ni refu kuliko sebule yetu, linalala kwenye korido kuanzia mlango wa choo hadi jikoni na sote tumezoea kulivuka, hata wageni tunawaambia karibuni, inueni miguu.

Siku za shwari sina neno. Siku hizo anaamka kabla ya watoto, anapiga mluzi, chai yangu haijapoa yeye ameshalifunga bawa juu ya gari, tunakwenda kilimani, anaruka, anazunguka huko juu mpaka aridhike, anatua vizuri kwa miguu yake, tunarudi tunakula. Shida yangu ni siku za upepo. Upepo ukiwa mkali bawa halitulii, linataka kuondoka na mtu kabla mwenyewe hajawa tayari, kwa hiyo lazima awepo wa kusimama mbele yake, ashike waya za pua ya bawa kwa mikono miwili, alibane mpaka mrukaji aseme "achia," ndipo aachie na kuinama haraka limpite juu ya kichwa. Mtu huyo ni mimi.

Na siku hizo mume wangu si yule ninayemjua, anaamka amechelewa, anatafuta soksi alizokwisha kuvaa, anakaza mikanda iliyokazwa, na kila mara kabla hajavaa kofia ngumu ananigeukia, "Mama watoto, unaonaje?" Na mimi kila mara namjibu, "Wewe ndiye unayejua." Anatikisa kichwa, anavaa kofia, mimi nashika waya, anasema achia, naachia.

Usinihukumu mapema mshauri, nina sababu. Mwanzoni mwa ndoa yetu aliniuliza vivyo hivyo nikamwambia hapana, leo usiruke, utepe ule wa kupimia upepo, wa mlingotini pale kilimani, umenyooka kama umepigwa pasi, akanisikiliza, tukarudi nyumbani. Mchana upepo ukatulia! Wenzake wakaruka, wakarudi na vicheko, wakampa jina la Bwana Ruhusa, na jina likamfuata mpaka kazini, na wifi yangu akalidaka akawa analitumia hata kwenye salamu, "Bwana Ruhusa hajambo?" Mume wangu hakunigombeza, lakini wiki nzima alikula akitazama sahani. Nikajiapiza sitamfunga tena mume wangu miguu, mambo ya juu atajijua mwenyewe.

Basi mara ya mwisho aliniuliza mara mbili. Alivaa kofia, akaivua, akauliza tena, "Kweli unaonaje?" Nikajibu jibu langu lile lile, nikaachia waya, upepo ukamlaza upande mmoja, akaenda kudondoka kwenye shamba la mahindi la watu. Tulimkuta amekaa katikati ya mabua ameshika bega, bomba moja limepinda na kitambaa kimechanika. Bega limepona, kitambaa nilikishona mimi mwenyewe kwa uzi wa turubai. Watu aliwaambia ni bomba lilikuwa na hitilafu. Mimi nilikuwepo mshauri, bomba lilipinda baada ya kuanguka, si kabla.

Sasa Jumapili wanakuja mafundi wenzake na familia zao kumtazama, wifi ndiye aliyewaalika bila kutuuliza, amewaambia kaka yake ataruka hata iwe tufani. Na redio imesema upepo mkali kuanzia Jumamosi. Ilisema wakati tunakula, mume wangu akasema hawa wa redio wanapenda kukuza mambo, halafu akasukuma sahani pembeni akaenda kulala. Mimi nikaonja mchuzi nikidhani nimezidisha chumvi.

Kinachoniumiza ni kwamba mtu huyu huyu kazini hataniwi. Lifti ikikwaruza kidogo tu anaifunga, anatundika kibao cha HAIFANYI KAZI, na hivi majuzi meneja alikuja kufoka ana wageni wakubwa wa ghorofa ya juu, mume wangu alivuta stuli akakaa mbele ya mlango wa lifti akawaonyesha ngazi. Wakapanda kwa miguu na suti zao.

Na sasa nakuambia la kweli, maana mficha uchi hazai. Ndoano yake nimeificha. Ile ndoano ya chuma inayomfunga kwenye bawa, nimeiweka chini kabisa ya kopo la vifungo humu ninamoandikia. Ni wiki sasa. Kila jioni analifungua begi lake la vifaa vya kurukia, anatoa kitu kimoja kimoja, anakikagua, anakirudisha, na ndoano hajaiulizia. Nadhani hajagundua. Au amegundua na anapanga kununua nyingine, sijui.

Nifanye nini? Nikisema usiende nitakuwa nimemrudishia lile jina mbele ya watu wote, nikinyamaza nitasimama pale na waya mikononi na atasema achia. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nimefikiria kukubali tu, huenda upepo ukatulia kama siku ile. Nampenda mume wangu, sitaki kumwaibisha, na sitaki kumzika.

Ni mimi,
Mshika Waya


JIBU

Mshika Waya,

Pole. Kusimama mbele ya bawa huku unaogopa na huku unajibu "wewe ndiye unayejua" ni kazi ngumu, na umeifanya muda mrefu bila mtu kukushukuru. Pole yangu imeishia hapo, sasa tugombane.

Mimi sijui kuruka. Nikipanda kiti kubadilisha balbu nashika ukuta. Lakini kusoma barua najua, na yako nimeisoma mara kadhaa, na mwenzangu, umeniandikia jibu humo humo ukalipita kama mnavyolipita bawa lenu koridoni.

Siku ya shwari mumeo anapiga mluzi na kupakia bawa. Je, amewahi kukuuliza "unaonaje" siku hiyo? Hujaandika hata mara moja. Anauliza siku za upepo tu, kabla ya kofia, baada ya soksi kupotea miguuni. Siku ya mahindi akauliza mara mbili, akavua na kofia. Mtu anayetaka ruhusa ya kuruka haulizi mara mbili, mama, akishajibiwa mara ya kwanza ameshaondoka. Huyo alikuwa anaomba umkatalie.

Na ndoano! Hapa niliweka kikombe chini. Fundi wa lifti, mtu anayesikia mkwaruzo ambao meneja hausikii, anafungua begi kila jioni, anatoa kitu kimoja kimoja, na kile kimoja kinachobeba uzito wake wote hakipo, halafu hakuulizi mkewe "umeona ndoano yangu?" Dada yangu, amegundua siku ile ile. Ananyamaza akiomba isionekane. Na mchuzi wako haukuwa na kosa, chumvi ilitosha. Aliyeharibu chakula ni redio.

Mumeo anaogopa. Wewe unaogopa. Mmelala kitanda kimoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme. Wewe unadhani ukinyamaza unamlindia heshima, yeye anadhani ukinyamaza umemwamini, kwa hiyo akikataa atakuangusha na wewe. Kwa adabu hiyo mlishafika shamba la mahindi. Na yule aliyekula akitazama sahani wiki nzima, hukumuuliza alikukasirikia wewe au wale waliomcheka. Ulijijibu mwenyewe, ukajiapiza mwenyewe, na kiapo hicho ndicho kinachowatesa mpaka leo.

Sasa nisikilize vizuri, sina nafasi kubwa na Jumapili ni keshokutwa.

Ndoano itoe kwenye kopo leo. Usinibishie. Nimekuambia anaomba isionekane, lakini mbele ya wageni na dada yake akipiga makofi, mtu mwenye haya anaweza kujifunga kwa chochote kitakachokuwa karibu, na hapo utakuwa umemfungulia kaburi kwa mikono yako ukidhani umelifunga. Iweke mezani mkishakula, watoto wakilala, umwambie, "Niliificha mimi. Niliificha kwa sababu naogopa." Kisha unyamaze, sasa kunyamaza kuna faida, umpe nafasi. Mtazame mabega. Yakishuka, nimesoma sawasawa.

Neno "naogopa" liseme wewe kwanza. Usimwambie "najua unaogopa," hilo litamfanya akatae hata akiwa amelowa jasho. Sema lako, umwachie la kwake alitoe mwenyewe.

Kisha mkubaliane hapo hapo mezani, si kilimani. Kilimani kuna watu na kuna dada mtu. Mnao utepe wenu wa mlingotini na kusoma mnaujua wote wawili. Semeni utepe ukinyooka namna ile ya pasi, bawa halifunguliwi, hata kama mchana upepo utatulia, hata kama wengine wote wataruka na kurudi wakiimba. Siku ile ya kwanza ulimshauri vyema, mama. Upepo kutulia baadaye hakukufanyi uwe ulikosea asubuhi. Lifti iliyofungwa ikaja kukutwa nzima haimfanyi fundi kuwa mjinga, na hilo mumeo analijua kuliko mimi na wewe. Mwambie kwa maneno ya kazi yake. Kazini ana kibao cha kutundika na stuli ya kukalia, wakubwa wanapanda ngazi na suti zao na hakuna anayemwita Bwana Ruhusa. Kilimani hana kibao. Miaka yote hii kibao chake kilikuwa wewe, na wewe ulikuwa unajigeuza upande usioandikwa kitu.

Wageni waje. Msiwafukuze, wapikieni, walitazame bawa, watoto wao wajifunge mikanda bawa likiwa limekunjwa wapigwe picha. Akiulizwa, ajibu kama anavyomjibu meneja, "Leo haifanyi kazi." Watacheka kidogo, kwani kwa mwoga huenda kicheko, lakini umalizie mwenyewe ule msemo, kwa shujaa huenda nini. Wewe umeshaona mabua yaliyolala, huhitaji kufundishwa. Na wifi yako akizidisha maneno, mwambie kwa upole kwamba bawa lipo, mikanda inaweza kupunguzwa imtoshe, na wewe uko tayari kumshikia waya yeye. Nadhani atakumbuka ana kitu jikoni.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana mumeo ana kichwa kigumu kweli, ataichukua ndoano, atakwenda na ataamua kuruka. Roho ni yake, wewe si polisi wake. Lakini mikono ni yako. Mwambie mapema, mbele ya meza ile ile, kwamba upepo ukiwa mkali hutashika waya, na ukishasema usishike, hata akikusihi, hata watu wote wakikutazama. Akitafuta mwingine wa kumshikia, mweleze huyo mwingine kwa sauti ya kusikika kilichotokea shambani na kwamba bomba lilikuwa zima. Heri lawama kuliko matanga. Ugonjwa wa kujifanya usithubutu, utalala kitandani unasikiliza simu, na huo ni ugonjwa kweli.

Mwisho, nakujua sasa, umeshaanza kufikiria kulikunja gazeti hili ukurasa huu ukiwa juu na kuliacha karibu na kikombe chake alisome mwenyewe. Usifanye hivyo. Hiyo nayo ni kunyamaza, ila ya kutumia karatasi. Mdomo unao, na leo jioni atarudi kutoka kazini, ataingia koridoni, atainua mguu kulivuka bawa, atakaa mezani. Mwambie angali amekaa hapo.