Jumamosi Tatu Bila Musyoka

Baba yangu mpendwa,

Leo ndiyo mara ya kwanza naketi tangu tulipokuzika. Siku zote hizi ni kusugua sufuria za watu, kurudisha viti vya kanisa, na kumsindikiza shangazi mmoja baada ya mwingine. Nyumba ya Woodley imenyamaza na mimi niko hoi. Lakini kuna jambo nilikuficha, na kwa vile ulipenda kila kitu kiandikwe, basi nakuandikia.

Unazikumbuka Jumamosi zetu za saiba, pale penye kompyuta za kulipia? Saa kumi kamili ulitaka tuwe tumeshafika, na tai umefunga, kana kwamba kaka Musyoka angekuona kutoka huko Amerika. "Baba, hii ni kuandikiana tu, hakuna anayekuona," nilikuambia. Ukanijibu, "Mimi namwona." Miaka thelathini ulikuwa taimukipa wa kiwanda cha sabuni, kazi yako kuandika nani ameingia saa ngapi na nani hakuja. Ukastaafu, daftari likakataa kustaafu. Ulilibeba mpaka saiba, ukaandika: Musyoka, saa kumi na dakika nne.

Mlikuwa hamjasemezana miaka minne, tangu Mama alipozikwa na yeye hakuja wala hakupiga simu. Mimi ndiye niliyemtafuta. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika mausi ya kompyuta, kazi ambayo haki ya nani siwezi kumtakia adui yangu. Uliinyanyua hewani kama sabuni iliyoanguka kwenye mchanga. "Iteremshe mezani, Baba." "Inanikimbia hii!" Wiki za kwanza mliongea habari za mvua na mahindi, na mimi niko kando najifanya nasoma gazeti.

Halafu Jumamosi moja, bila hata kunitazama, ukachapa kwa kile kidole chako kimoja: Kwa nini hukuja kumzika mama yako?

Tukangoja. Yale maneno ya kuonyesha kwamba anaandika yakatokea, yakapotea, yakatokea tena. Mwishowe akajibu: Baba, nipe mpaka Jumamosi nikueleze vizuri. Ukafunga daftari. "Nimempa," ukasema.

Jumamosi hiyo ilipofika, Njoki, mwenye saiba, alitupokea kwa tabasamu. "Mzee wangu, karibu! Nimeweka mesenja mpya ya kuandikiana mashine zote, ile ya zamani imepitwa." Ukaandika jina, ukaandika neno la siri. Ikazunguka, ikazunguka, ikatuambia imeshindwa kuunganisha. Nikasema labda umekosea neno la siri, ukanikaripia mbele ya watu, kwa sababu lilikuwa jina la Mama na wewe jina hilo huwezi kulikosea. Njoki akazima mashine, akawasha. Akatuhamishia ya dirishani. Akaing'oa ile mesenja na kuiweka upya. Wapi! "Pengine ni mtandao tu, Mzee. Jaribuni wiki ijayo."

Njiani ukaniambia, "Amejifungia."

"Baba, ni mashine."

"Ati mashine. Ilingoja nimuulize swali ndiyo iharibike?"

Kumpigia sikuweza. Simu yangu ilikuwa imenyakuliwa mjini mwezi uliotangulia, na namba ya Musyoka ikaenda nayo. Wewe simu hukutaka hata kuisikia. Ulisema anayekutaka anajua unapokaa.

Jumamosi ya pili, hivyo hivyo. Ulikaa mbele ya ile skrini saa nzima, mikono magotini. Kufika nyumbani hukugusa chakula. Ulichukua daftari ukaandika: Hakuingia. Nikaona kuna "Hakuingia" nyingine juu yake, zikawa mbili. Tulikua tukisikia sheria yako ya kiwandani. Mtu akikosa mara tatu bila kutoa habari, unaweka rula, unapiga mstari juu ya jina lake. Na wewe hukuwahi kumrudisha mtu uliyempigia mstari.

Sasa, Baba, lile nililokuficha ni la wiki hiyo.

Unajua nilikuwa mapokezi kwenye ile ofisi ya mjini. Chini yetu palikuwa na saiba nyingine. Kila mchana nilipita mlangoni pake nikienda kula chapati na maharagwe. Neno lako la siri nilikuwa nalo. Dakika kumi zingetosha kumwambia kaka yangu: Baba anakungoja, tumeshindwa kuingia, usikate tamaa. Sikuingia. Jumatatu sikuingia, Ijumaa sikuingia, na si kwamba nilisahau. Nilikuwa nimechoka. Tangu Mama atutoke mimi ndiye niliyekupeleka hospitali, niliyekufulia, niliyekaa na wewe jioni umeme ukipotea, na ukifungua mdomo ni Musyoka, Musyoka. Nikasema moyoni, acha ikatike basi, tupumzike sote. Nilisema hivyo na chapati mdomoni, na ikashuka vizuri tu. Mungu anisamehe.

Jumamosi ya tatu ikakataa tena. Nikashika kiwiko chako. "Twende nyumbani, Baba." Hukuinuka. Ulifungua daftari, ukatoa kalamu, na rula pia uliitoa, niliiona. Lakini wewe hukuwahi kuandika kitu bila kuandika saa kwanza. Saa yako ya mkononi ilikuwa kwa fundi, basi ukainamia ile ndogo ya pembeni mwa skrini. Ukaipeleka mausi pale, na tarehe ikatokea. Ukavua miwani ukaipangusa na tai, ukaivaa tena.

"Njoki! Hii mashine yako iko mwaka gani?"

Njoki akashika mdomo. Aki, kumbe mashine zote alikuwa amezirudisha nyuma miaka miwili, kwa makusudi! Programu yake ya kuhesabu dakika za wateja ilikuwa ya kujaribu tu, ya mwezi mmoja, na ukiidanganya tarehe haiishi. Mesenja ya zamani haikujali. Hii mpya huangalia tarehe kwanza, na ikikuta si ya leo inakataa.

"Ina haki," ukasema. "Mtu aje getini na kadi ya mwaka juzi, mimi nimfungulie? Rekebisha."

"Mzee, nikirekebisha, ile ya kuhesabu itajifunga. Nina wateja kumi na wawili humu."

"Nitakuhesabia mimi."

Akarekebisha. Ukaandika jina la Mama pole pole, na mara hii ikafunguka. Maneno ya wiki tatu yakamwagika. Baba, nimeingia. Baba, uko? Kisha likaja moja refu, ambalo ulilisoma midomo ikitembea: Sikuwa na makaratasi. Ningetoka wasingeniruhusu kurudi. Nilikata tiketi, nikafika uwanja wa ndege, nikakaa pale kwenye kiti mpaka ndege ikaondoka. Nikaona aibu kukupigia. La mwisho lilikuwa la jana yake: Baba, kama umenikata, sitakulaumu.

Nililia, wewe hukulia. Ulichapa muda mrefu mpaka Njoki akaja kusimama nyuma yetu: Mama yako tulimzika saa nane na robo. Yuko mkono wa kuume wa nyanya yako. Ukija nitakuonyesha.

Kisha ukainuka na daftari lako, ukazunguka kuhesabu dakika za watu mpaka saiba ikafungwa. "Wewe wa namba tatu, muda wako umekwisha! Toka!" Njoki alicheka hadi akaketi chini.

Makaratasi yake yametoka mwaka huu, Baba. Amekuja kwa ndege akakukuta kwenye jeneza. Kule Machakos, kwenye makaburi yetu, watu walipokwisha kutawanyika, akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwende, Mama ni yupi?" Mchwa wameshakula msalaba wa kaburi lake. Nikamwonyesha. Akapiga magoti pale, suti yake yote ikajaa udongo mwekundu. Akaniambia, "Zile wiki tatu zilinimaliza. Nilifika mahali sikutaka tena kuwa hai. Kwani ilikuwa nini?" Nikamjibu ni tarehe ya mashine. Nikanyamaza hapo.

Wewe unajua sasa kwamba haikuwa tarehe peke yake. Yeye bado. Leo amelala chumbani kwako, uchovu wa ndege haujamtoka na kilio kimemchosha. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu huwezi kunitazama.

Namsikia anakohoa, anatafuta viatu. Acha niende nimwambie, kabla sijachoka tena.

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako uliyebaki naye,
Mwende