Kibuyu cha Mama Lemayani

Mke mwenzangu Zaina,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kabuku hatujambo. Goti la babu yako limetulia, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini namfokea yule binti wa tamthilia ya Kikorea, mama wa mchumba wake anapomfukuza naye anainamisha kichwa tu. Ngoja nikwambie.

Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kujaa mnadani, nilipendana na kijana wa Kimasai, Lemayani. Mama yake akaja kwetu na kibuyu cha maziwa, kufungua mazungumzo ya posa. Mama yangu aliyamimina maziwa, akakiosha kibuyu, akanikabidhi.

"Kirudishe hivyo hivyo. Sisi ni watu wa jembe na msikiti."

Kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu, unatia japo kunde. Ukikirudisha kitupu, umeshakataa. Na njia ilipita katikati ya shamba letu la kunde, zimekauka, zinapasuka zenyewe. Konzi moja ingetosha, na hakuna aliyekuwa akiniona. Nikapita.

Mama Lemayani alikipokea kwa mikono miwili. Akakitikisa karibu na sikio, akakitikisa tena. Kisha akasema, "Asante, mwanangu," akaingia ndani.

Babu yako ni mtu mwema, sina la kumlalamikia. Ukija likizo tutaimalizia pamoja hiyo tamthilia. Ila binti akiinamisha kichwa, wewe ongeza sauti, babu yako asinisikie.

Bibi yako