Zuhura, Mdudu wa Asumini

Mama, shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini siwezi kukusemesha bila ya hiyo.

Vile vidudu vyako vya asumini vimepata jina.

Unakumbuka ulivyokuwa ukivilaani? Umekaa ukumbini kwetu Malindi unatunga vikuba, vile vishada vya asumini vya kujipamba, ukikung'uta maua juu ya kitambaa cheupe vinaanguka vyeusi, vyembamba kama uzi. Ukaniambia, "Vipeleke huko kazini kwenu, waulize ni nini hivi vinavyoniharibia maua." Nikavitia kwenye chupa ya spiriti, nikavipeleka maabara ya kilimo kwetu, nasi tukavituma ng'ambo. Wataalamu huwaita wadudu wa namna hii thiripi. Ukafa tungali twangoja jibu.

Jibu limekuja kutoka kwa wataalamu wa huko ng'ambo: huyu wa kwako hajapata kuandikwa na mtu yeyote duniani. Wakatutaka sisi tuliompeleka tupendekeze jina lake la kitaalamu.

Mkuu wetu wa kazi akataka apewe jina la mkubwa mmoja wa serikali. Unajua siku hizi watu wanavyochunga ndimi zao. Mimi nikasema, "Huyu ni mharibifu, ananyonya maua mpaka yanakauka. Nani atakwenda kumwambia mkubwa kuwa tumempa jina lake?" Mkuu akaudhika, akanibeza: "Basi mpe la mama yako." Wakacheka.

Nikasema, "Naam." Nikakaa kwenye taipu, nikaliandika mbele ya macho yake: zuhurae. Hiyo ni Kilatini, yaani "wa Zuhura". Limekubaliwa, Mama, na limeshachapishwa. Na jina la namna hii likishachapishwa, mkubwa hawezi kulifuta.

Kaka yako, Mjomba Hamadi, kanuna. Ati nimemtukana maiti kwa kumtwisha mdudu jina lake. Nilimjibu kwa adabu, lakini sikurudi nyuma: "Mjomba, hata kaburini kwake hamkuandika jina. Mimi nimeliandika." Akaondoka, kahawa kaiacha. Namheshimu. Radhi simwombi.

Nlitaka nikuoneshe mwenyewe jina hilo. Nlitaka ulicheke, ujifunike uso kwa ukaya... basi.

Nnakuahidi hivi: madhali ni hai, atakayeniuliza huyo Zuhura ni nani, sitamtajia mdudu kwanza. Ntamwambia ni mama yangu, mtunga vikuba wa Malindi, na atanisikiliza mpaka nimalize.

Pumzika, Mama. Mungu akunawirishie kaburi lako.

Mwanao, Rukia