Panga chini ya kiti cha pikapu

Alhamisi, Tarime. Mvua imenyesha tangu asubuhi na uwanja wetu wa kuegesha magari umejaa matope. Cherehani iko mbele yangu, sijashona hata mkono wa gauni.

Nyumba yetu ya kupanga ina uwanja mmoja mdogo. Kabla ya watu kufurika kutafuta dhahabu, tulianika nguo pale. Sasa ni pikapu, pikipiki, na matusi kila siku: nani kamzibia nani njia.

Jumapili Mzee Nyamhanga, fundi viatu na mwenyekiti wetu sisi wapangaji, alituita kikao. Alitaka kila gari lipewe nafasi yake na silaha zisiingie getini. Akauliza kama kuna aliyeona silaha kwenye gari lolote. Kisha akanigeukia, maana dirisha langu linatazama uwanja.

"Mama Neema, umeona chochote?"

Nilikuwa nimeona. Ijumaa, Chacha, mpangaji mwenzetu anayebeba mawe ya machimboni, alisukuma panga chini ya kiti cha pikapu yake. Lakini Chacha huyo huyo hunibebea vitambaa kutoka Sirari, mpakani, na sikutaka kumuudhi.

Nikasema sijaona.

Juzi mchana gari la Sospeter, jirani yetu, lilimzibia Chacha njia. Wakatukanana, wakakunjana mashati. Mzee akatoka, akajitia katikati kuwaamua. Chacha akachomoa panga. Lilimlenga Sospeter, likamkata Mzee mkono wa kulia.

Leo nimekwenda hospitali. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa kitandani pake, nikamwambia yote. Hakunifokea. Alisema tu:

"Niliingia katikati kwa sababu mlisema hakuna silaha."

Mlisema. Hata pale hakutaka kunitaja peke yangu.

Akaniomba nimmenyee chungwa. Vidole vyake viwili havikunjiki, na daktari hajui kama vitakunjika tena. Mkono huo ndio unaoshika sindano ya viatu.

Nasikia Chacha amewaambia polisi kwamba panga aliliokota pale uwanjani, kwa hasira. Mimi najua halikuokotwa. Nimeamua kesho asubuhi niende kutoa maelezo, kisha niwaambie wapangaji wenzangu nilichowaficha. Ndugu zake Chacha wamepanga ukuta kwa ukuta na mimi.

Nitafika kweli kwenye mlango wa kituo, au nikifika njia panda nitakata kona kwenda sokoni?