Mchezo wa Dakika Kumi

Kinoru, Meru
Novemba 1996

Kwako dada Purity,

Mvua haijaacha na kahawa imeiva. Ile kazi ya kompyuta nilipata, lakini inanitia kinyaa. Tunauza programu ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Mdosi wangu hunivisha leso na viatu vya gambuti nijifanye mchuma kahawa asiyejua kitu, kisha natengeneza mchezo kwa dakika kumi mbele ya wateja.

"Kama huyu ameweza, wewe je?" huwauliza, nao hucheka. Hawajui nimeufanyia mazoezi miezi mitatu.

Jumamosi Mama alikuja kuniona nikiwa kazini, amevaa leso na gambuti zake za shambani. Alisimama katikati ya wale wanaocheka. Niliinama nikaendelea kubonyeza mpaka akaenda.

Akikuuliza, mwambie sikumwona.

Mdogo wako,
Nkirote