Sauti ya Mama Niliyoisikia Mara Mbili

Jumapili, tarehe 8 Machi

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kukueleza yote bila kuficha, hata yale yanayonitia haya, kwa sababu tulifundishwa kwamba anayemficha daktari kidonda asije akalalamika dawa isipofanya kazi.

Mimi ni msichana wa shule, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Shuleni kwetu hakuna mwalimu wa fasihi ya Kiingereza tangu aliyekuwapo ahamishwe, kwa hiyo somo hilo nalisomea nyumbani kwa simu, katika darasa la mtandaoni la chuo kimoja cha mbali, kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Baba ndiye aliyenipeleka kwenye duka la kompyuta kujiandikisha. Dada wa pale dukani aliniuliza nataka kujulikana darasani kwa jina gani, maana wengi hawatumii majina yao, nikasema "Msomaji", na baba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akacheka akasema, "Muandike hivyo hivyo. Huyu nyumbani anayasomea hata masufuria."

Baba ni fundi makochi. Karakana yake imeungana na nyumba yetu, na nyumba nzima inanukia gundi na sponji mpya. Hakumaliza sekondari, kwa sababu babu alipofariki alitolewa shule akapelekwa kwa mjomba wake kujifunza ufundi. Mtu akimtajia Kiingereza husema, "Mimi na Kiingereza tuliachana mapema, wala hatukugombania watoto," na mama humjibu kutoka jikoni, "Mliachana? Kwani posa yako kilishaikubali?" na sote hucheka, na baba hucheka kuliko wote.

Shangazi, sijui kama nitaweza kukueleza lile darasa. Ninakaa kitandani kando ya dirisha, nina spika moja tu sikioni kwa sababu ya pili ilikufa, na huku mama anaosha vyombo uani, ndani ya sikio langu la kushoto mtu aliyefariki zamani, wa nchi nisiyoijua hata baridi yake, ananieleza jambo nililolihisi juzi nikidhani ni mimi peke yangu duniani niliyewahi kulihisi. Mara ya kwanza nilishika ukuta. Nilitaka kutoka nje nikaulize watu kama nao wanajua kwamba jambo hili linawezekana.

Kamera huwa tunazizima ili bando lisiishe, kwa hiyo wenzangu darasani ni majina tu, na baadhi yao ni sauti. Kuna mmoja anayeitwa Mkaanyuma, na huyo hata sauti hakuwa nayo. Huandika tu, sentensi moja au mbili, kwa Kiingereza chenye makosa hapa na pale, na mwalimu huisoma sentensi hiyo mara mbili.

Mwezi uliopita tulisoma hadithi ya binti anayeondoka kwao kwenda kusoma mbali. Baba yake anamsindikiza hadi stesheni, na treni inapoanza kwenda yeye hapungi mkono, anavua miwani yake na kuifuta kwa shati. Mimi, kama kawaida yangu, nilifungua maiki nikasema kwa kujiamini sana kwamba baba huyu ana moyo wa jiwe, kwamba hata mkono tu umemshinda kuuinua, na wenzangu wengi wakaniunga mkono. Ndipo Mkaanyuma akaandika, nami nakutafsiria kadiri niwezavyo: "Msomaji amesema kweli, hakupunga. Lakini anayefuta miwani haoni. Nadhani alijua kwamba akiiona treni ikiondoka, ataikimbilia."

Mimi niliurudia ukurasa ule ule, na yule mzee wa stesheni akawa mtu mwingine mbele ya macho yangu bila hata herufi moja kubadilika. Tangu siku hiyo nilimchora Mkaanyuma akilini kama profesa aliyestaafu, anayeishi kwenye nyumba ya ghorofa yenye vitabu mpaka darini, na nilipokuwa nikiandika insha zangu nilikuwa nawaza je, yeye atazionaje.

Sasa nafika kwenye lile lililonileta kwako. Jumanne iliyopita mwalimu alitaka kila mmoja asome kwa sauti mstari mmoja wa shairi. Zamu ya Mkaanyuma ikafika, maiki yake ikafunguka, tukasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kunyanyua kitu kizito, na wakati huo huo mama yangu, aliyekuwa uani, akapaza sauti, "Wewe Kasuku! Kasuku weee! Anua nguo, mvua hiyo!" Kasuku ni mimi, mama aliniita hivyo tangu nilipoanza kusoma kwa sauti. Sauti yake iliingia dirishani kwa sikio la kulia, nikaanza kuinuka, na kabla sijasimama vizuri ikaingia tena kwa sikio la kushoto, kutoka kwenye simu, sauti ile ile, na "weee" ile ile ya kuvuta, na mvua ile ile ikianza kupiga juu ya bati.

Maiki ya Mkaanyuma ikazimwa. Mwalimu akacheka akasema, "Mkaanyuma, kumbe una kasuku anayeanua nguo! Mfundishe na kupiga deki, halafu utuuzie." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitoka nje kama mtu anayetembea usingizini.

Kamba ya nguo imepita mbele ya karakana. Mlango ulikuwa umefungwa, kama unavyofungwa kila Jumanne na Alhamisi alasiri, kwa sababu baba hutuambia kwamba gundi inakauka na haitaki upepo, na mama husema gundi gani hiyo yenye ratiba. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa, amejizungushia vipande vya sponji pande zote ili sauti isipenye, kama mtoto aliyejijengea nyumba ya kuchezea, na simu ameiegemeza kwenye kopo la gundi. Zamu yake ilikwisha kupita. Hakuna aliyekuwa akimsikia. Lakini alikuwa akiusoma ule mstari wa shairi, taratibu, neno kwa neno, akikosea anaanza upya, akililisha lile kochi kama mgonjwa anayelishwa uji, mpaka akaumaliza wote, akatabasamu. Shangazi, nimeishi na baba yangu maisha yangu yote na lile tabasamu sikuwa nalijua. Nguo zote zililowa, na mama alinisema hadi tukalala.

Alhamisi mwalimu akatangaza mtihani wa mwisho wa kuzungumza. Utafanywa wawili wawili, kamera zikiwa wazi, na kwa habari ya yule baba wa stesheni amewachagua Msomaji na Mkaanyuma, "kwa sababu ninyi wawili mna mazungumzo hamjayamaliza." Haikupita hata dakika, Mkaanyuma akaandika kwamba anaomba kujitoa, hali yake haimruhusu. Mwalimu akamwambia asipoufanya mtihani huo hapati cheti na mwaka wake wote utakuwa umepotea, afikirie hadi Ijumaa hii inayokuja. Mimi nikaandika, "Tafadhali usijitoe." Akanijibu, "Asante, Msomaji. Utapata mwenza anayekufaa zaidi. Wewe endelea tu." Jioni ile mezani baba alinisogezea kipande chake cha nyama akasema, "Kula, mama. Hayo masomo yanakukausha," na mimi nikakigeuza geuza tu kwenye sahani.

Nikimwambia kwamba najua, naogopa nitakuwa nimebomoa ile nyumba yake ya sponji kwa mikono yangu mwenyewe. Nikinyamaza, Ijumaa atajitoa, na yule aliyenionyesha yule mzee wa stesheni atarudi kuwa fundi aliyeachana na Kiingereza, na tutacheka utani ule ule mezani huku mimi najua. Nilifikiri nimwombe mwalimu kwa siri anipe mwenza mwingine, lakini kamera zitafunguka tu na tutaonana. Na kuna hili pia: nikifaulu, mwakani nitakwenda chuo cha mbali, kwa hiyo huenda sitapata tena kukaa darasa moja na baba. Siku hizi namwogopa, lakini si woga wa kuchapwa. Ni woga wa mtu aliyeishi miaka yote ameegemea kitu akidhani ni ukuta, kisha siku moja akainua kichwa akaona ni mlima.

Najua safu yako hutoka Alhamisi. Nakuomba kwa heshima unijibu Alhamisi hii hii, kabla ya Ijumaa kufika: je, mtoto anaweza kumwambia baba yake "nimekuona" bila kumvunjia heshima?

Msomaji

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu Msomaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilivua viatu. Lakini nitakusema kwanza, kukusaidia kutafuata. Kuchungulia mlango wa baba yako ni utovu wa adabu, hata kama ndani kuna muujiza. Siku nyingine bisha hodi. Hilo limekwisha.

La pili. Wewe unayesomea hata masufuria, barua yako mwenyewe umeiandika na hukuisoma. Unaniambia una siri na hujui uipeleke wapi. Siri ya nani? Ulipochagua jina la "Msomaji" pale dukani, ni nani alikuwa amesimama nyuma yako akacheka? Na ni nani anayefungua maiki kila kipindi "kwa kujiamini sana", kwa sauti ambayo fundi yule anaijua tangu ilipokuwa kilio cha kitoto kichanga? Binti, baba yako hakuingia darasa hilo kwa bahati mbaya, wala hajawahi kukupoteza humo. Amejua wewe ni nani tangu siku ya kwanza. Alisimama nyuma yako dukani, akaja kukaa nyuma yako darasani, na jina akajipa la hapo hapo alipokaa. Ambaye hakujua ni wewe.

Sasa urudi naye stesheni. Aliyeandika "Msomaji amesema kweli, lakini" alikuwa akimjibu nani? Mwakani unaondoka. Kuna maneno ambayo mtu kama yeye hawezi kukuambia mezani, mbele ya sufuria, mama yako akimtania. Basi akaenda kuyatafuta kwenye lugha iliyomkataa, akayaleta na makosa yake yote, akayaweka mahali ambapo alijua utapita. Nimepokea barua za wake, za waume, za wakwe na za mawifi, lakini baba aliyemfuata mwanawe mbali kiasi hicho bila kutoka nyumbani sijapata kumsikia. Nakuonea wivu, na nakwambia hivyo nikiwa mtu mzima.

Unadhani anajitoa kwa aibu ya Kiingereza. Mtu anayelisomea kochi mstari mmoja mpaka uishe Kiingereza hakimtishi. Anaogopa kukuharibia wewe. Anaona kamera ikifunguka, itatokea sura yake, sponji zake na kopo lake la gundi, na wewe utainamisha kichwa mbele ya mwalimu wako. "Utapata mwenza anayekufaa zaidi": huyo ni mtu anayekupisha njia, kama alivyokupisha ile nyama. Nawe, na akili zako zote, umekaa unamtungia baba heshima ya kioo, ikiguswa tu inapasuka! Heshima ya mzazi haipotei kwa kuonekana na mwanawe. Hupotea mwana anapoona kisha akapita kama hakuona. Yule binti wa kwenye hadithi alikuwa ndani ya treni, hakuweza kushuka. Wewe treni yako haijaja.

Kwa hiyo sikiliza. Mwalimu usimwandikie. Mama yako usimwambie kwanza, maana kwa jinsi ulivyonieleza koo lake, mtaa mzima utajua kabla maji hayajachemka. Wala usimwandalie baba hotuba, na lile neno "nimekuona" liache, asije akadhani alikuwa amejificha vibaya.

Leo ni Alhamisi, na alasiri mna kipindi. Kabla hakijaanza, chukua simu yako na hiyo spika moja iliyobaki, nenda karakana. Kiti usibebe, kwa fundi makochi mtu hakosi pa kukaa. Bisha hodi. Atakuambia gundi inakauka. Mwambie hutaingiza upepo. Akifungua, pita, sogeza sponji moja, kaa kando yake kwenye lile kochi ambalo halijavishwa, halafu simu yako uizime mbele ya macho yake, na useme hivi tu: "Baba, bando moja linatutosha."