Kostime ya Baba Imerudishwa

Likasi, kwenye kituo cha gari-moshi
Tarehe 14 Novemba 1992

Mpendwa Mjomba Adolphe,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo mengi, wewe na mama Tina na watoto wote. Habari za Chingola? Mguu wako umepona? Carlos bado anakohoa mvua zikianza? Ninamwomba Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri, umeshiba, huna wasiwasi wa kitu. Mimi nimekonda, lakini sina homa. Anayekuletea barua ni mama Orpha, yule anayefuata unga huko kwenu Zambia. Posta ya huku imekufa.

Mjomba, mguu ulikukatalia safari, basi hukuiona ndoa yetu ya mwezi wa saba. Nasikitika mpaka leo, maana hujamwona Kalombo wangu! Wanawake wengine wanasifu sauti ya mume au mifuko yake. Mimi nilipenda kwanza namna anavyofunga kifungo cha koti: kimoja tu, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa kanisa. Nilipita mbele ya duka lake kule Kikula nikitoka shuleni, na siku hiyo nilisahau nilikuwa naenda wapi.

Yeye hushona nguo za wanaume tu. Zamani alifumua koti moja kuukuu la Kiitaliano, uzi mmoja mmoja, ili ajue yule fundi wa mbali aliwekaje bega likalala hivyo bila kukunjamana. Akalishona tena, akalifumua tena. Alinifundisha kwamba mwanamume asivae rangi zaidi ya tatu, na kwamba ukosi mchafu ni tusi kwa unayemsalimu. Nilikuwa nacheka. Sasa maneno hayo nayarudia peke yangu kama sala.

Kostime ya baba, ile suti ya mahari, hakuinunua dukani. Aliishona mwenyewe, ya kijivu, akampima baba mara nyingi kwa sababu bega lake la kushoto limeshuka kwa kazi za kiwandani. Akajaza bega hilo ndani, kidogo kidogo, na siku ya ndoa baba yangu Barthélemy alisimama sawasawa kama waziri. Watu wa barabara yetu walimpigia makofi. Alilia, mjomba. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia kwa furaha.

Mwezi uliofuata, vijana wa hapa wakaanza kuwafukuza watu wa asili ya Kasai, eti warudi mkoa wa wazazi wao. Umesikia, najua. Wanawaita bilulu, wadudu. Kalombo alizaliwa hapa hapa Likasi, Kasai haijui hata kwa picha, lakini vijana walivunja duka, wakachukua cherehani na vitambaa. Walituachia mkasi, sindano, na nguo chache alizozificha. Nikamfuata hapa kituoni. Mke anamfuata mumewe, si ndivyo ulivyonifundisha?

Tuko watu wengi kupita kiasi, chini ya mahema ya plastiki, kandokando ya reli, tukingoja gari-moshi la Kasai lisilokuja. Surua inachukua watoto. Jana tulimzika mtoto wa jirani. Kalombo alikata bitana ya hariri kutoka kwenye koti lake jeusi, akamshonea kanzu ndogo. Amefanya hivyo kwa wengi. Koti lile sasa ni ganda tu.

Hata hivyo, katika taabu hizo nilikuwa na furaha, na sioni haya kukuambia. Usiku alitandaza suruali yake chini ya mkeka wetu, tukailalia wawili ili mkunjo usipotee. Asubuhi alitoka hemani na tai shingoni, viatu vinang'aa, na watu waliokuwa wamekata tamaa wakapata la kusema.

— Kalombo, weye unaenda ku Kasai ao unaenda ku feti ya ndoa? Kule ni mbuzi tu njo watakuangalia kravati!

— Acha waangalie. Mbuzi nayo iko na macho.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe.

Jumatano baba alikuja hapa. Alibeba mfuko wa unga, na ndani yake kostime. Nyuma yake alikuja Magloire, kijana wa jirani, aliyetumwa kuangalia kama kweli itarudishwa. Vijana walikuwa wamemwambia baba kwamba nyumba inayotunza mahari ya kilulu ni nyumba ya bilulu, nayo itachomwa. Wewe unajua kuliko mimi: kostime ya baba ikirudishwa, na mkwe akaipokea kwa mikono yake, ndoa imevunjika. Asipoipokea, haijavunjika.

— Kalombo, mutoto wangu, kamata vitu yako. Unihurumie.

— Hapana, baba. Ile kostime iko yako. Miye siwezi kuikamata.

— Batachoma nyumba yangu!

— Baba, bataichoma hata nikikamata.

— Mzee, harakisha, akasema Magloire.

Bibi mmoja akamrukia kutoka hemani kwake:

— Na weye Magloire, rudisha basi na ile patalo umevaa! Haiko yeye njo aliishona?

Watu wakacheka, Magloire akatazama suruali yake, nami nikadhani tumeshinda. Kalombo alikuwa ameweka mikono nyuma, ameushika mmoja kwa mwingine. Baba akauweka mfuko chini mbele yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Mfuko ukalala ubavu, koti likateleza nje, na mkono mmoja wa koti hilo ukaingia kwenye tope jekundu.

Mjomba, mtu mwingine yeyote angeliacha pale. Kalombo aliinama. Aliliokota koti kwa mabega yote mawili, akalikung'uta, akafuta tope kwa kitambaa chake cheupe, akaligeuza ndani nje, akaingiza bega moja ndani ya lingine, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake. Ukosi ulipokaa mahali pake ndipo alipoona ameshika nini.

— Amekamata! akapiga kelele Magloire. Bote muko bashuhuda, amekamata!

Baba alinishika mkono ili twende nyumbani. Nilikaa chini kwenye tope. Alinivuta, kisha akaniachia, akaenda zake bega limeshuka, hakugeuka.

Kalombo aliniambia neno moja tu: "Reine, mikono ilinitangulia." Tangu siku hiyo hafungi tai. Analala nje ya hema, hata mvua ikinyesha, kwa sababu anasema mwanamume wa heshima halali na binti wa mtu. Ananiita mademoiselle, kama msichana asiyeolewa. Mjomba, ananiita mademoiselle kwa sauti ya upole kabisa, na kila mara nahisi nimezikwa kidogo. Gari likija, anasema, atapanda peke yake.

Lakini sisi ni watu wa upande wa mama. Marehemu mama angekuwepo angesema hivi hivi: baba anakula mahari, mjomba ndiye anayefunga ndoa na ndiye anayeifungua. Wewe hukuulizwa. Kwa hiyo nakupigia magoti. Sema kwamba fungu lako la mahari, lile ulilopelekewa huko, hujalirudisha. Mwambie mama Orpha kwa mdomo wako, naye aje amwambie Kalombo mbele ya watu wale wale. Atakuamini. Ni mtu wa taratibu kuliko sisi sote.

Wanasema mabehewa yako njiani, labda kesho, labda mwezi ujao. Gari likija kabla ya neno lako, nitapanda hata akikataa, nitakaa kwenye behewa lake kama abiria asiye na mtu. Basi Orpha akikuta kituo kitupu, neno hilo alipeleke kwa baba. Mimi huko niendako sitakuwa na anwani. Nitakuwa mke au sitakuwa, wala sitajua. Utakayejua ni wewe.

Nisalimie mama Tina, nyanya, na Carlos mwenye kifua chake. Mungu awafunike nyote na paa lisilochomeka.

Ni mimi mpwa wako, niliye wako hata nisipokuwa wa mtu mwingine,

Reine